Kisufuria Kilichotundikwa Peke Yake

Kila asubuhi, kabla jua halijapasha mabati ya mtaa wa Kizwite, Mwantum alikuwa na kazi tatu: kufagia uani, kuchemsha uji, na kuhakikisha mdogo wake Fahadi amevaa sweta. Kazi ya tatu ilikuwa ngumu kuliko zile mbili. Mwezi wa Julai baridi ya Sumbawanga hupenya hadi kwenye mifupa, lakini Fahadi, mwenye miaka tisa, aliamini kwamba sweta ni vazi la wazee.

"Vaa!"

"Linawasha."

"Litakuwasha zaidi nikimwambia baba."

Fahadi alivaa, akanywa uji wake kwa pupa, kisha akachomoka kwenda nyumba ya jirani kumwita rafiki yake Abeli. Abeli aliishi na bibi yake, Bibi Fransiska, mama mtu mzima aliyeuza samaki wakavu waitwao migebuka na dagaa wa Kasanga kwenye meza ndogo mbele ya nyumba. Nyuma ya nyumba alifuga nguruwe wawili, ndani ya banda la mbao lisilo na hata upenyo wa kupitisha kuku.

Mzee Mahmud, baba yao Mwantum, alikuwa na duka la mchele na sabuni huko Chanji. Yeye na Bibi Fransiska walikuwa wameishi kwa heshima miaka mingi. Kila Idi sahani ya pilau ilivuka ua kwenda kwa bibi. Kila Krismasi kuku hai alivuka ua kuja kwa Mzee Mahmud, amefungwa miguu kwa kamba ya katani. "Nimemleta mzima," bibi alikuwa akisema, "mkamchinje wenyewe kwa utaratibu wenu."

Jumamosi moja Mwantum alikuwa akianika nguo aliposikia Abeli anapiga kelele. Aliruka ua. Fahadi alikuwa amelala chini katika uwanja wa bibi, mikono na miguu ikitikisika, macho yamepinduka, povu likimtoka mdomoni. Kando yake kulikuwa na kisufuria kidogo chenye viazi na maharage yaliyobaki nusu.

Watu walikuwa wameanza kukusanyika, lakini walisimama mbali kama waliozuiwa na kamba.

"Msimguse!" mwanamke mmoja alisema. "Povu lile likikupata, na wewe unaanguka."

"Leteni kijiko! Atameza ulimi!" alisema mwingine, na kijiko kikaletwa.

Bibi Fransiska hakuwasikiliza. Alipiga magoti, akamgeuza Fahadi ubavu, akavua kitenge chake na kukiweka chini ya kichwa cha mtoto. Mwenye kijiko aliponyoosha mkono, bibi aliusukuma.

"Kijiko chako kitamvunja meno. Ulimi haumezwi. Mwache apumue," alisema. Akalifuta lile povu kwa kiganja chake, taratibu, kama anayemfuta mtoto maziwa.

Baada ya dakika chache mtikisiko ulikoma. Fahadi akapitiwa na usingizi mzito. Mama Munira, mama yao Fahadi na Mwantum, alifika akikimbia bila viatu.

Katika fujo ile jambo dogo lilimnasa Mwantum machoni. Bibi Fransiska alikiokota kile kisufuria, akakisugua kwa majivu, akakikausha, akakifunga kwa kitambaa cheupe na kuingia nacho jikoni. Alikitundika kwenye msumari uliokuwa peke yake, upande wa pili wa ukuta. Sufuria nyingine zilikuwa zimepangwa chini, moja juu ya nyingine, hazikufungwa chochote.

"Kwa nini hiki kimoja kinafichwa?" Mwantum alijiuliza. Swali hilo lilimwingia kama mwiba mdogo, ule usiouma mpaka unapotembea.

Hospitalini walipokelewa na Daktari Getruda, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya upole. Alikuwa miongoni mwa wataalamu waliokuwa wakifanya utafiti kuhusu kifafa mkoani. Kwenye benchi la nje wagonjwa walikuwa wakinong'ona juu yake na wenzake. "Wanachukua damu," alisema mzee mmoja. "Umewahi kuwauliza wanaipeleka wapi?" Mwenzake alitikisa kichwa kwa maana kubwa, ingawa naye hakujua.

Daktari aliuliza maswali mengi. Fahadi amewahi kuanguka kabla ya leo? Ndiyo, mara moja, dukani, mwezi wa tano. Walidhani ni homa. Aliumia kichwa utotoni? Hapana. Kuna mtu wa ukoo anayeanguka? Hapana.

"Anakula mboga au matunda mabichi yasiyooshwa?"

"Nyumbani kwetu tunaosha kila kitu," alijibu Mama Munira.

Mwantum alitazama vidole vya miguu yake. Kila siku walipotoka madrasa, yeye na Fahadi walipitia bondeni kwenye bustani ya Mzee Modesti. Huko walikuwa waking'oa karoti mbili, wakizifuta kwenye nguo na kuzitafuna njiani. Mzee Modesti hakuwahi kuombwa. Mwantum alifungua mdomo, akaufunga. Akisema atakuwa mwizi mbele ya baba na daktari, na karoti zina uhusiano gani na kuanguka?

"Je, mnafuga nguruwe? Au majirani wanafuga?"

Mzee Mahmud aliinua kichwa. "Daktari, umesikia jina langu?"

"Nimelisikia, mzee. Nawauliza wote. Tunaomba pia damu kidogo, na choo kidogo, kwa kuwa..."

"Choo chetu kinakuhusu nini?"

"Kuna mnyoo anaitwa tegu, ambaye..."

"Nguruwe!" Mzee Mahmud alisimama. "Nyumba yangu haijaingiza nguruwe tangu babu yangu alipotoka Ujiji. Nimekuja na mtoto mgonjwa, nami natukanwa!"

Daktari Getruda alijaribu kueleza, lakini mlango wa masikio ya Mzee Mahmud ulikuwa umefungwa. Hata hivyo daktari aliwapa vidonge vya kuzuia kuanguka, vya wiki mbili, akasisitiza Fahadi avimeze kila siku bila kuruka, na warudi kuchukua vingine. Akampa Mama Munira pia fomu ya kwenda Mbeya, kwenye mashine inayopiga picha ya ndani ya kichwa. Jioni Mzee Mahmud aliichukua ile fomu, akaikunja mara nne na kuisukuma ndani ya droo ya duka, chini ya kamba za kufungia mifuko.

Tangu siku hiyo nyumba yao ilijaa minong'ono. Kama daktari amesema nguruwe, baba aliwaza, basi mtoto amelishwa nguruwe. Na kama amelishwa, ni nani aliyemlisha? Hakutaja jina, lakini macho yake yaliruka ua.

Mwantum naye alianza kupeleleza. Alisimama nyuma ya mabua ya mahindi, akachungulia. Aliona bibi akipika katika sufuria kubwa, kisha akikitoa kile kisufuria kwenye kitambaa chake na kupika humo kitu kidogo, kando, kwenye jiko la pili. Aliona Abeli akila kutoka sufuria kubwa, na Fahadi akila kutoka kisufuria.

"Bibi anakupa nini?" alimwuliza mdogo wake.

"Viazi. Maharage. Siku nyingine dagaa."

"Mbona hamli pamoja, wewe na Abeli?"

Fahadi aliinua mabega. "Kile ni changu. Bibi alisema."

"Chako kwa sababu gani?"

"Muulize mwenyewe. Kwani huna mdomo?"

Mwantum hakuuliza. Aliona ni bora aone kuliko kuambiwa. Siku moja alasiri, bibi akiwa mbele kwenye meza yake ya samaki, aliingia jikoni kwa kunyata na kukifungua kile kitambaa. Kisufuria kiling'aa. Akakinusa. Kilinuka majivu na sabuni tu. Hilo nalo likamtia shaka zaidi. Kitu kinachosuguliwa namna hii, aliwaza, kinasuguliwa ili kifutwe nini?

"Mwantum?"

Bibi Fransiska alikuwa mlangoni.

"Shikamoo bibi," alisema Mwantum haraka. "Nimekuja kuomba kiberiti."

"Marahaba, mjukuu wangu." Bibi alimtazama, akautazama msumari, kisha akaingiza mkono dirishani na kutoa kiberiti. "Chukua. Na chukua migebuka miwili, mpelekee mama. Fahadi aliniambia jana mlikula ugali na chumvi."

Mwantum aliondoka na kiberiti na samaki mikononi. Moyo wake ulimsuta kidogo, lakini shaka ina njaa kuliko samaki wawili. Jioni ile alimweleza baba kila alichokiona: kisufuria cha kificho, kitambaa cheupe, jiko la pili. Karoti hakuzigusa.

Ijumaa baada ya swala Mzee Mahmud alikwenda kwa Bibi Fransiska. Hakwenda kwa mlango wa uani kama jirani. Alizunguka mbele, barabarani, ambako watu walikuwa wakipita.

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa juu kuliko alivyokusudia, "mwanangu ulimlisha nini?"

Bibi Fransiska aliweka chini kisu cha samaki. "Karibu kwanza, Baba Mwantum."

"Sikuja kukaa. Nauliza ulimlisha nini."

"Chakula. Chakula ambacho dini yake haikukataza."

"Na kile kisufuria unachokificha kwenye kitambaa? Chake peke yake?"

Wapita njia walisimama. Wateja wawili wakarudisha dagaa mezani. Bibi alimtazama Mwantum aliyejibanza nyuma ya kanzu ya baba yake.

"Kumbe ndicho ulichokijia siku ile ukisingizia kiberiti," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akamgeukia Mzee Mahmud. "Nikieleza sasa mbele ya barabara nzima, utasema najitetea. Siku utakapokuja kuuliza kama jirani, nitakujibu kama jirani. Mlango wa uani haujahama."

Akaingia ndani.

Kuanzia siku hiyo Fahadi alikatazwa kuruka ua. Habari ilizunguka mtaani, na kila ilipofika ilikuwa imenenepa. Wengine walisema bibi anatia nguruwe kwenye dagaa. Wengine walisema mambo mabaya zaidi kuliko hayo, yasiyofaa kurudiwa. Meza ya samaki ilikaa siku nne bila mteja. Shuleni Abeli alipomwona Mwantum aliita kwa sauti, "Mpelelezi huyoo! Habari za kiberiti?" Watoto wakacheka.

Wakati huohuo vidonge vya Fahadi viliisha. Mama Munira alimkumbusha mumewe mara mbili.

"Tutakwenda kwa daktari mwingine," alisema Mzee Mahmud. "Asiyeuliza habari za nguruwe."

Siku zikapita.

Jumatano walitoka madrasa kama kawaida. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka milima ya Lyamba lya Mfipa, na anga lilikuwa jeupe kwa vumbi. Mwantum hakutaka kupita bondeni, lakini Fahadi alilia njaa. Basi wakateremka. Juu ya bustani ya Mzee Modesti wafyatua tofali walikuwa kazini, na kama kila siku, mmoja wao alitoka kwenye majani marefu akifunga mkanda. Hapakuwa na choo eneo lile. Maji ya mfereji yaliyopita pale ndiyo yaliyomwagilia karoti.

Fahadi aling'oa moja, akaifuta kwenye kanzu, akaing'ata. Ghafla akasimama. Macho yake yakawa kama ya mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Kisha akaanguka ukingoni mwa mfereji.

"Fahadi! Fahadi!"

Mwantum alitaka kukimbia kuita watu. Halafu, kama mtu aliyeambiwa sikioni, akakumbuka mikono ya Bibi Fransiska. Alimshika mdogo wake chini ya makwapa, akamvuta mbali na maji. Akamgeuza ubavu ili kipande cha karoti kitoke chenyewe pamoja na mate. Akavua sweta lake na kuliweka chini ya kichwa. Hakutia kitu mdomoni. Alikaa, akashika bega la Fahadi, akaanza kuhesabu ili asilie.

"Mwantum!" Ilikuwa sauti ya Abeli. Alikuwa akikata majani ya nguruwe upande wa pili, akayatupa na kuja mbio. "Ameanza zamani?"

"Nimehesabu mpaka mia moja na kumi."

"Endelea kuhesabu. Bibi anasema zikipita dakika tano ni hospitali moja kwa moja."

Hazikupita dakika tano. Fahadi alipotulia walimsubiri apumue vizuri, kisha Abeli akamweka mgongoni. Wakaanza kupanda kilima. Njiani Mwantum aliuliza.

"Abeli, niambie kweli. Kile kisufuria kina nini?"

Abeli alisimama, akamrekebisha Fahadi mgongoni. "Hakina kitu! Ni chenu."

"Chetu?"

"Cha Waislamu. Bibi alikinunua Fahadi alipoanza kuja kucheza, ili asile kwenye sufuria iliyowahi kupika nguruwe. Hata mwiko wake ni mbali. Mwaka jana mimi nilikitumia kupasha kiporo cha kitimoto. Loo! Alinichapa na mwiko, akakitoa kile kwa mafundi wachemshie gundi, akatembea mpaka sokoni kununua kingine. Ndicho hicho anachokifunga kitambaa, kwa sababu yangu mimi, si kwa sababu yenu."

Mwantum alihisi uso unawaka, ingawa upepo ulikuwa baridi na sweta lake alikuwa amemfunika Fahadi.

"Kwa nini hakusema siku ile?"

"Ungekuwa wewe, ungesema?" Abeli aliuliza. "Mtu anakuja na barabara nzima nyuma yake."

Usiku ulipoanza kuingia na Fahadi amelala, Mwantum alikwenda kukaa mbele ya baba na mama yake. Alianza na kisufuria, neno kwa neno kama Abeli alivyosema. Mzee Mahmud aliinamisha kichwa. Kuku wa Krismasi aliyefungwa kamba ya katani alipita akilini mwake, miaka yote, mmoja mmoja.

"Kuna jingine," alisema Mwantum. "Daktari aliuliza kuhusu vitu vibichi. Sisi tunakula karoti za Mzee Modesti. Kila siku. Hatuoshi. Hatuombi. Ni mimi niliyemfundisha Fahadi."

Alisubiri kofi. Halikuja.

"Uliogopa nini hospitalini?" baba aliuliza.

"Niliogopa kuitwa mwizi."

"Na mimi niliogopa kuitwa mla nguruwe," alisema Mzee Mahmud polepole. "Basi tumeogopa wote wawili, na mtoto ndiye anayeanguka."

Asubuhi hakufungua duka. Alipita kwanza mlango wa uani. Bibi Fransiska alikuwa akipuliza moto.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Karibu, Baba Mwantum. Kiti kipo."

"Nimekuja kuuliza kama jirani. Lakini jibu nimekwisha kulipata, nami nimeaibika. Nilikukosea barabarani, na nitakuomba radhi barabarani."

"Niombe hapahapa jikoni, inatosha," alisema bibi. "Barabarani njoo ununue dagaa."

Alifanya hivyo. Alisimama mbele ya meza saa nzima, mbele ya wapita njia wote, akichagua dagaa mmoja mmoja kama anayechagua pete. Kila aliyemsalimia alimwambia, "Njoo, dagaa wa mama huyu ndio niwalao nyumbani kwangu." Kabla ya adhuhuri meza ilikuwa imebaki na magamba.

Alasiri walirudi kwa Daktari Getruda, na fomu ikiwa na mikunjo yake minne. Mwantum alirudia habari ya karoti bila kuangalia vidole vya miguu. Daktari alimshukuru kana kwamba ameletewa zawadi. Kisha akachukua boksi tupu la dawa, akachora juu yake nguruwe, mtu na bustani.

"Mzee, siku ile sikupata nafasi ya kumaliza. Mtu akila nyama ya nguruwe yenye vimelea, tena isiyoiva, anaweza kupata tegu tumboni. Huyo tegu hutoa mayai, nayo hutoka na choo cha mtu. Mayai hayakai kwenye nyama. Yako kwenye kinyesi cha mwenye tegu, na kutoka hapo yanaweza kufika kwenye maji, mboga na mikono. Nguruwe akiyala, yeye hupata vimelea mwilini. Na mtu akiyameza, yanaweza kugeuka vifuko vidogo vya maji mwilini mwake, hata kwenye ubongo. Vikikaa kwenye ubongo, vinaweza kuleta kifafa."

"Kwa hiyo mtu ambaye hajaonja nguruwe maisha yake yote..."

"Anaweza kuugua. Utafiti umeonyesha hivyo sehemu nyingi. Ndiyo maana nawauliza wote, na ndiyo maana naomba choo."

Mzee Mahmud aliutazama ule mchoro. "Basi tegu hachagui dini."

"Hana hata habari nayo," alisema daktari, na wote wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. "Lakini sikilizeni. Si kila kifafa kinaletwa na tegu. Na hata picha ikionyesha vifuko, siwezi kusema ni karoti ipi, wala siku ipi. Huenda aliyameza miaka iliyopita, mahali pengine kabisa. Mwantum, usijibebeshe mzigo ambao hata mimi siwezi kuupima."

Mbeya walikwenda kwa basi la alfajiri. Picha ilionyesha vifuko viwili kwenye ubongo wa Fahadi. Alilazwa, akapewa dawa ya kuviua pamoja na dawa ya kuzuia uvimbe, huku akiangaliwa mchana na usiku. "Kamwe msinunue dawa hii dukani mkampa wenyewe," waliambiwa. "Vifuko vikifa, ubongo unaweza kuvimba. Ni kazi ya hospitali." Vidonge vya kuzuia kuanguka aliendelea navyo nyumbani, kila siku saa ileile. Mama Munira aliweka alama kwa mkaa ukutani kila alipomeza.

Mwantum alikwenda peke yake kwa Mzee Modesti kuungama. Mzee alimsikiliza akiwa ameegemea jembe.

"Nilijua," alisema. "Kila siku niliona mashimo mawili, moja kubwa na moja dogo. Nikasema huyu ni panya anayetembea na mdogo wake. Laiti mngeniomba, ningewaonyesha na ndoo ya maji safi."

Kwa wiki tatu Mwantum alipalilia matuta yake kila Jumamosi. Hakuamriwa. Mzee Mahmud naye alitoa mabati, wafyatua tofali wakatoa tofali na nguvu, na choo kikasimama juu ya bonde, na ndoo yenye koki ya kunawia mikono mlangoni.

Wataalamu wa utafiti wakaja mtaani kupima watu. Safari hii aliyewapokea wa kwanza ni Mzee Mahmud, akiwa na kikopo chake cha choo kwenye mfuko mweusi, mbele ya macho ya watu. Waliobaki hawakuwa na kisingizio. Mtu mmoja mtaani alikutwa na tegu, akatibiwa.

"Ni nani, daktari?" Mwantum aliuliza. Shaka ya zamani ilikuwa imeinua kichwa.

"Amepona," alisema Daktari Getruda. "Jina lake ni mali yake."

Mwezi wa Novemba mvua zilianza. Alama za mkaa zilikuwa zimejaza nusu ya ukuta, na Fahadi hakuwa ameanguka tena. Siku hiyo yeye, Abeli na Mwantum walikaa katika jiko la Bibi Fransiska wakisubiri mvua ipite. Viazi vilichemka kwenye kisufuria, na safari hii watoto wote watatu walikula kutoka humo.

Walipomaliza, Mwantum alikichukua akakisugua kwa majivu mpaka kikang'aa. Akakikausha, akakifunga kitambaa chake cheupe. Kisha akasita.

"Bibi, siku ile ulinikuta nakinusa. Mbona ulinipa samaki?"

Bibi Fransiska alicheka, akasogeza kuni motoni. "Kwa kuwa ulikuwa na njaa. Mjukuu wangu, shaka si dhambi. Hata daktari anaanza na shaka. Lakini yeye akishuku anauliza, tena anapima, ndipo anasema. Wewe ulishuku, ukajijibu mwenyewe, ukasema. Na lile ulilolijua kwa hakika, la karoti, ndilo ulilolificha. Siku nyingine ligeuze: usilolijua liulize, ulijualo liseme, hata kama linakuaibisha. Aibu hupita. Mtoto akianguka kwenye mfereji wa maji, hilo huenda lisipite."

"Nimesikia, bibi."

"Na karoti?"

"Kuomba, kuosha, ndipo kula."

"Haya. Tundika."

Mwantum alinyoosha mkono, akakitundika kisufuria kwenye msumari wake, peke yake, mahali pake.